Nawanyang'anya wanafunzi vitabu ninavyovisoma mwenyewe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana huku Masaka, na ndiye mlezi wao pia. Umri wangu ni miaka 44, nina mume na watoto watatu, na kanisani ni katibu wa Umoja wa Akina Mama. Nakutajia haya ili uelewe watu wananitazama kwa jicho gani.

Jambo langu ni hili: napenda riwaya za mapenzi. Sizungumzii zile za mtihani. Nazungumzia vile vitabu vyembamba vya karatasi ya kijivu, jaladani msichana analia na nyuma yake kuna gari na mwanamume wa suti, vinavyoingia na mabasi ya Bukoba kupitia Mutukula. Mama mmoja muuza vitenge pale Nyendo huniwekea vipya chini ya majora, kisha hunifungia kwenye kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki. Nikifika nyumbani nakivalisha kitabu karatasi ya kalenda na juu yake naandika "Sarufi, Kidato cha Pili". Mume wangu anaamini naandaa masomo. Nayaandaa kweli, ila taa ikishazimwa nageukia ukutani na tochi ya simu. Kufika sura ya tatu nimeshajua nani ataoana na nani, na bado sipati usingizi mpaka nione wanavyofika huko.

Muhula huu metroni alipekua masanduku bwenini akatoka na vitabu kumi na kimoja. Kanuni ya shule inasema "vitabu visivyofaa" huchukuliwa na kuchomwa siku ya kufunga, shule nzima ikitazama. Msichana wa kidato cha tatu aliyekutwa na vitatu aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mimi ndiye katibu wa kamati hiyo. Barua ya onyo niliiandika kwa mkono wangu, kwamba amekutwa na "vitabu vya kipuuzi vinavyoharibu akili", naye akatakiwa aandike ya kuomba radhi kwa maneno hayohayo. Kimoja kati ya vitatu vile kilikuwa nyumbani kwangu chini ya godoro, nimefika sura ya tisa.

Shangazi, mtoto huyo si mvivu. Insha zake ndizo zilizokuwa na uhai kuliko zote darasani. Aliandika "alimkata jicho", "alisonya", "maneno yalimkwama kooni", na sikumfundisha mimi. Sasa najua alikoyatoa. Tangu siku ya kamati anaandika sentensi fupi fupi za kitabu cha sarufi, na akinipa daftari haniangalii usoni.

Juu ya hayo, mwalimu mkuu amenikabidhi shilingi milioni moja na nusu ninunue vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa ajili ya maktaba. Anataka orodha kabla ya kufunga. Vitabu vizito tayari tunavyo, vimejaa vumbi. Najua kabisa wasichana hawa wangesoma nini. Lakini nilipogusia tu riwaya za mapenzi katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja alisema, "Hivyo si vitabu vya mahauzigeli?" Wakacheka wote. Nami nikacheka.

Nikiviweka kwenye orodha, nitaulizwa nimevijulia wapi. Nisipoviweka, nitakuwa nimenunua vumbi jingine. Nimewaza kujiuzulu kamati. Nimewaza kumwita yule msichana nimwambie ukweli. Nimewaza pia kuacha kabisa kusoma hadithi hizi, labda ndiyo itakuwa nafuu. Najiona mnafiki. Nifanyeje?

Mwalimu wa Tochi, Masaka

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwalimu wangu, na pole kwa usiku unaoupitia.

Nikikuelewa vizuri, mambo ni matatu na umeyabeba kwa mpigo: starehe yako ya usiku, barua iliyomo kwenye faili ya yule mtoto, na fedha za maktaba. Umeyafunga yote kwa neno moja, unafiki. Neno hilo ndilo linalokufanya uamini kwamba huwezi kugusa la pili wala la tatu kabla hujasimama mbele za watu na kukiri la kwanza. Hebu tuanze nalo, maana sina hakika kama linakufaa.

Mtu mzima anayekunywa bia yake Jumamosi, kisha akamkataza mwanafunzi wa miaka 15 kunywa, hatumwiti mnafiki. Yapo mambo ya umri. Kuwa na kitabu nyumbani na kukizuia bwenini kunaweza kuwa na sababu nzuri kabisa. Nadhani kinachokuchoma si katazo lenyewe, ni yale maneno: kwamba vitabu hivyo ni vya kipuuzi na vinaharibu akili. Huyaamini, na umeyaandika, na mtoto ameyarudia kwa mkono wake. Tukilitenga hilo peke yake, tunabaki na sentensi moja ndani ya faili. Sentensi inaweza kurekebishwa bila mtu yeyote kujua kilicho chini ya godoro lako.

Halafu nikuulize: unaona haya kwa sababu gani hasa? Naona sababu kama tatu ndani ya barua yako, na kila moja ina dawa yake.

Inaweza kuwa ni mapenzi yenyewe, kwamba mama wa kanisa hafai kufurahia mambo ya kutongozana. Lakini uko Buganda, mwalimu. Hapo msichana anapoelekea kuwa mtu mzima, ssenga, yaani shangazi yake, ndiye hupewa kazi ya kumkalisha na kumfundisha mambo ya ndoa na ya chumbani, tena bila kumung'unya maneno. Jamii hiyo haijawahi kudai kwamba mapenzi hayasemwi. Imeweka tu anayesema, anayeambiwa, na wakati wake. Kwa yule msichana wako hilo ni swali zuri sana. Kwa mwanamke wa miaka 44, sioni swali.

Inaweza kuwa ni hadhi, ile kauli ya mahauzigeli. Kauli hiyo inawadharau wasichana wa kazi kwanza, kisha vitabu, na pengine ndiyo maana kicheko chako kimekukaa vibaya. Vitabu navyo hupanda na kushuka. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 kwa hadithi ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa 1960. Leo inafundishwa vyuo vikuu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, mwanzoni ilizuiwa madarasani kwa sababu ilisema waziwazi yanayowapata wasichana wa shule. Baadaye ikawa kitabu cha sekondari Tanzania na Kenya. Sisemi kila riwaya ya Nyendo itafika huko. Nyingi hazitafika, na wewe msomaji wao unalijua hilo kuliko mimi. Nasema tu kwamba chumba cha walimu si mahali ambapo thamani ya kitabu huamuliwa.

Au ni Kiswahili chenyewe. Uganda hii Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa makamo bado kinanuka kambi ya jeshi. Mtu akisoma riwaya ya mapenzi ya Kiingereza kwenye taksi hakuna anayegeuka. Akisoma ya Kiswahili, anaonekana amejishusha mara mbili. Kama hii ndiyo sehemu kubwa ya aibu yako, basi wewe mwalimu wa somo hilo una sababu ya kuitazama kwa makini zaidi kuliko zile nyingine mbili.

Kuhusu kuacha kusoma: unaweza, hakuna anayekulazimisha. Ila jiulize kwanza saa ile ya tochi inakupa nini. Mtafiti wa Marekani, Janice Radway, alichapisha mwaka 1984 kazi yake juu ya kundi la wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi. Wengi walimweleza kwamba jambo kubwa halikuwa hadithi peke yake, bali kule kukaa na kitabu: ni muda ambao mume na watoto hawawezi kuwaomba kitu. Mlezi wa wasichana wa bweni, mama wa watoto watatu, katibu huku na katibu kule, saa yako nyingine ya namna hiyo iko wapi? Ukiiondoa hii, uwe unajua utaweka nini mahali pake.

Kificho nacho kina gharama. Kusoma kwa tochi umegeukia ukuta kunachosha macho na shingo, na siku mume atakapofunua hiyo karatasi ya kalenda ataanza kuwaza mambo mabaya kuliko riwaya. Njia moja ni kuanza nyumbani, kidogo kidogo: kivue kitabu karatasi ya kalenda, kiache mezani na jalada lake, usiseme kitu mpaka aulize. Akiuliza, mwambie ni hadithi na unaipenda. Hatari yake ni kwamba anaweza kukutania mbele ya watu. Wewe ndiye unayejua ulimi wake. Njia nyingine ni kuendelea kama ulivyo. Starehe isiyomdhuru mtu haihitaji kutangazwa, na kukaa kimya juu yake si uongo. Kuiandikia "Sarufi" ndiko kunakoukaribia uongo.

Sasa yule msichana. Natamani uanze kwake, kwa sababu yeye ndiye anayeumia sasa hivi. Unafikiria kumwita umwambie ukweli wako. Naelewa, ni moyo mwema. Lakini usimpe mtoto siri ya kukubebea. Ukimwambia, "Hata mimi nasoma, ila usimwambie mtu," umemweka kati yako na kamati, na rafiki zake watataka kujua mlezi alimwitia nini. Ukiamua kumwambia, liwe jambo ambalo halitakuogopesha likifika kwa mwalimu mkuu. Kama hujafika hapo, kuna la kumwambia ambalo ni kweli na halihitaji siri: kwamba insha zake za mwanzo zilikuwa nzuri, kwamba maneno kama "alimkata jicho" ni Kiswahili safi na ayarudishe, na kwamba neno "kipuuzi" halikuwa sahihi. Hili la mwisho mwambie baada ya kuzungumza na kamati, si kabla, usije ukaonekana unaipinga pembeni.

Kwenye kamati, omba barua ile ibadilishwe maneno: mwanafunzi alikutwa na vitabu visivyoruhusiwa bwenini, basi. Kosa la kanuni linabaki, hukumu juu ya akili yake inatoka. Ombi dogo namna hii hupita kwa urahisi kuliko kuomba barua ifutwe. Kujiuzulu ukatibu kutakupumzisha, ila kalamu itahamia kwa mwingine, na huenda huyo akawa ndiye mwenye kauli ya mahauzigeli.

Nifike kwenye milioni moja na nusu. Hapa ndipo naona barua yako inajidharau. Unaogopa kuulizwa umevijulia wapi vitabu hivi, na kuvijua ndiko kunakokufanya uifae kazi hii. Wasioisoma aina hii hudhani hatari ipo kwenye ukurasa wa kitandani tu. Msomaji wa siku nyingi anajua kwamba kitabu kisicho na ukurasa huo hata mmoja kinaweza kumfundisha binti kwamba wivu ni dalili ya kupendwa, kwamba "hapana" ya kwanza ni adabu tu, au kwamba mzee mwenye gari ni jibu la karo.

Kwa hiyo kila kitabu unachokifikiria kisome chote. Mwanzo hauonyeshi kitu. Mambo huharibikia katikati. Kisha kiandikie karatasi ndogo ya kubaki ndani ya faili: wapendanao wana umri gani, maana kwa sheria ya Uganda ngono na aliye chini ya miaka 18 ni jinai hata akiwa amekubali, kama kuna kulazimishana, na je, mwandishi anakuita mapenzi au anakuita ubaya, kama pesa inamnunua mtu, kurasa gani zina mambo ya chumbani, utaje namba zake, na aliyeumizwa anaishia wapi. Kitabu chenye mwalimu anayemtaka mwanafunzi si lazima ukitupe. Kinaweza kuwa ndicho kinachohitajiwa kuliko vyote, lakini kisomwe na kidato cha tano na sita, nawe ukiwapo kwa mazungumzo. Wa kidato cha kwanza ana miaka 13, wa sita ana 18 au zaidi. Rafu moja haiwatoshi wote.

Jambo la pili ni ugumu wa lugha, na hapa vitabu vyako vya kijivu vina nguvu ambayo vizito havina. Paul Nation na mwenzake Hu walionyesha mwaka 2000, kwa wanaojifunza Kiingereza, kwamba msomaji wa hadithi hufurahia bila kusaidiwa akiwa anajua karibu maneno 98 katika kila 100. Ukurasa wa maneno 250 usizidi matano mageni. Kwa Kiswahili hesabu mizizi, usihesabu maumbo: anayejua "fahamu" hajakutana na neno jipya akiona "asiyemfahamu". Toa nakala ya ukurasa mmoja wa katikati, wape wasichana sita wa vidato tofauti, kila mmoja aweke nukta ya penseli chini ya neno asilolijua. Nukta kwenye nakala ya mmoja zikifika kumi na mbili, kitabu hicho kitarudi kwenye vumbi hata kiwe kizuri namna gani. Yule msichana wako anaweza kuwa mmoja wa hao sita. Utakuwa umemrudishia heshima yake bila hotuba.

Ununuzi wenyewe sasa. Tenga shilingi 150,000 za nauli na vifaa vya kutengenezea vitabu. Inabaki 1,350,000. Bei ya wastani ikiwa 15,000, utapata nakala 90, na ningependelea uchukue majina 30, kila jina nakala tatu, kuliko majina 90 tofauti. Wasichana husoma ili waongee. Kitabu chenye nakala moja husababisha foleni, foleni ikazaa wizi. Katika hayo 30, yasizidi 10 ya mapenzi. Mengine yawe upelelezi, maisha ya shule, safari, vichekesho. Rafu nzima ikiwa ya mapenzi itapewa jina baya kabla ya wiki kwisha, na anayeisogelea atazomewa, tutakuwa tumerudi kwenye tochi.

Mama wa vitenge, kwa wema wake wote, hawezi kukupa risiti, na bursa, mtunza fedha wa shule, ataitaka. Nunua kwenye duka la vitabu lenye risiti, ukiwa na majina uliyokwisha kuyachuja. Kagua kila nakala kabla ya kulipa. Vitabu huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo kinachokosekana huwa 16 au 32 kwa mpigo. Fungua mwanzoni, katikati na mwishoni, fuata namba za kurasa. Hadithi ya mashaka isiyo na kurasa 16 za mwisho itakuletea malalamiko mwaka mzima. Herufi zilizofifia upande mmoja na picha ya jalada yenye ukungu ni dalili ya kitabu cha wizi kilichotolewa kopi, kiache.

Vitabu hivi hubandikwa kwa gundi mgongoni, havishonwi, na joto la chini ya bati huikausha gundi mpaka inavunjika. Kabla ya kukiazimisha, simamisha kitabu kwa mgongo mezani, laza jalada la mbele na la nyuma, kisha laza kurasa chache kila upande kwa zamu, ukibonyeza taratibu, mpaka ufike katikati. Kurasa zikishaanza kutoka, zilinganishe, zibane kati ya vibao viwili, toboa matundu matano umbali wa milimita tano kutoka mgongoni, shona kwa uzi wa fundi viatu, kisha bandika kitambaa chembamba mgongoni kwa gundi nyeupe na ukiache chini ya matofali usiku kucha. Usitumie selotepu. Hugeuka njano, gundi yake ikatambaa na kunata kurasa za jirani. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu kama sentimita 15 na isiguse ukuta, la sivyo mchwa watasoma kabla ya kidato cha kwanza.

Kuazima kuwe kwa siku 14, kwenye daftari kubwa la jalada gumu: tarehe, jina, kitabu, namba ya nakala, siku ya kurudisha. Kurasa kumi kwa siku humaliza kitabu cha kurasa 120 na siku mbili zikabaki. Na visisomwe wakati wa prepu, ile saa ya kujisomea masomo. Hilo liandike mapema, kwa sababu walimu wa hisabati watakuja kulalamika juu yake kabla ya kitu kingine chochote.

Ukienda kwa mwalimu mkuu, usiende na hoja ya mapenzi. Nenda na vitabu vitatu, karatasi zake, matokeo ya nukta za penseli, na insha mbili za mwanafunzi mmoja, jina limefunikwa: ya kabla na ya baada. Mkumbushe kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima shule za msingi na sekondari, na kwamba lugha haikai kichwani kwa sarufi peke yake. Akikuuliza umevijulia wapi, unaweza kujibu, "Navisoma." Unaweza pia kujibu, "Nimevisoma vyote kabla ya kuvileta kwako," na hilo litakuwa kweli tupu. Chagua lile ambalo sauti yako italibeba siku hiyo.

Kuna hatari ambayo sitaki uidharau. Mabishano juu ya elimu ya ujinsia shuleni yalipamba moto hapa Uganda 2016, yakarudi 2018 wizara ilipotoa mwongozo wake, na wazazi wengi hawajasahau. Ukurasa mmoja ukipigwa picha na kuingia kwenye WhatsApp ya wazazi, utasimama peke yako kama idhini ilikuwa ya mdomo. Kwa hiyo orodha isainiwe na mwalimu mkuu, uamuzi uingie kwenye kumbukumbu za kikao, na mzazi apewe karatasi ya kukubali au kukataa mwanawe kuazima kwenye rafu ya wakubwa. Inawezekana mwalimu mkuu akaona mapenzi ni mzigo mno kwake mwaka huu, akakubali upelelezi na maisha ya shule peke yake. Hiyo nayo si rafu mbaya ya kuanzia.

Lililobaki lina haraka kuliko yote: vile vitabu kumi na kimoja. Siku ya kufunga inakaribia, na ni mali ya watoto au ya wazazi wao. Iombe kamati, kwa maandishi, visichomwe mpaka "visivyofaa" ielezwe maana yake kwa nusu ukurasa, kwa sababu ilivyo sasa kanuni hiyo haisemi lolote. Wakati huo viwekwe kwenye boksi, kila kimoja na jina la mwenyewe, wazazi wakabidhiwe siku ya kutembelewa. Peleka barua hiyo wiki hii, kabla hata ya orodha ya maktaba, na ubaki na nakala yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea.